Ulikaa Wapi?

Nimesoma uhakiki mwingi wa maonyesho ya muziki kwa Kiswahili, na karibu wote unaniambia mwimbaji alivaa nini, aliingia ukumbini saa ngapi, alitunzwa noti ngapi na beti ipi iliyomnyanyua nani kitini. Kuhusu sauti yenyewe, hii inayotoka kifuani kwa mtu mpaka ikafika sikioni kwangu, nakuta sentensi moja mwishoni: vyombo vilisumbua. Siku ikiwa njema, hata hiyo haipo. Mimi ni fundi mitambo, Dar es Salaam. Nikikutana na sentensi hiyo huwa nina swali moja kwa aliyeiandika, na siliulizi ili kujitetea. Ulikaa wapi?

Maana ukumbi mmoja, usiku mmoja, una maonyesho matano au sita. Aliyewekwa meza ya mbele karibu na spika za besi anasikia tumbo lake likitikisika na maneno yakipita juu ya kichwa. Aliye chini ya feni anasikia feni. Aliye nyuma ukutani anasikia kila neno mara mbili, moja la mwimbaji na moja la ukuta. Kwenye uwanja wa wazi, aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani anafikiwa na pigo la ngoma baada ya karibu theluthi ya sekunde. Ukimwona mkono wa mpigaji umeshanyanyuka kabla hujasikia pigo, usidhani umelewa. Na mimi mwenyewe, ninayetakiwa kuwasikilizia wote, mara nyingi kamati ya harusi hunipangia nyuma ya nguzo, jirani na mlango wa jikoni, kwa sababu meza ya fundi ina nyaya na nyaya haziendani na maua. "Fundi, sogea kidogo, keki inapita hapo." Nasogea. Keki inapita. Sauti niliyokuwa nimeipima kwa nusu saa inabaki kule nilikotoka.

Mfano mkubwa kuliko yote wa uhakiki uliokwama kwa kutouliza swali hili si wa kwetu. Tarehe 25 Julai 1965, mjini Newport, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaa la tamasha la muziki wa folki akiwa na gita la umeme na bendi nyuma yake. Akapiga nyimbo tatu. Baadhi ya watu wakazomea. Tangu hapo kumekuwa na kiwanda kizima cha kufasiri zile kelele: kwamba ni usaliti, kwamba ni wazee kuwakataa vijana, kwamba enzi moja ilikufa na nyingine ikazaliwa palepale. Elijah Wald aliandika kitabu kizima, Dylan Goes Electric!, mwaka 2015. Filamu ya A Complete Unknown ya 2024 imeufanya usiku huo kuwa kilele chake.

Katika simulizi zote hizo yumo Pete Seeger, mkubwa wa folki, anayedaiwa kutafuta shoka akate waya. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba umeme haukuwa tatizo lake. Maneno yalikuwa hayasikiki, sauti ilikuwa imepasuka, na kama angekuwa na shoka angekata kweli. Wahakiki wengi hulisoma jibu hilo kama mzee anayejisafisha baada ya historia kumwacha. Mimi nalisoma kama taarifa ya kiufundi, tena naiona sahihi.

Fikiria mitambo ilivyokaa. Gita la Mike Bloomfield lilikuwa na amplifaya yake jukwaani, na ampli hiyo humwagia sauti kila aliye karibu bila kumwomba ruhusa mtu wa miksa. Sauti ya mwimbaji haina njia mbili. Lazima ipite kwenye maiki, iende kwenye spika kubwa, na spika kubwa zinatazama watazamaji. Sasa Seeger alikuwa nyuma ya jukwaa. Yeyote aliyewahi kubeba vyombo anajua nyuma ya spika pakoje: sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti na kuyafanya maneno yaeleweke, zimekwenda mbele na watu, kinachobaki kwako ni mngurumo na ngoma. Joe Boyd, aliyekuwa msimamizi wa uzalishaji pale, ameandika katika White Bicycles (2006) jinsi alivyotumwa na wakubwa wa tamasha aende kwenye miksa awaambie wapunguze. Waliokuwa kwenye miksa, Paul Rothchild akiwa mmoja wao, wakaona kiwango kiko sawa kabisa. Watu wanaisoma hiyo kama vita ya itikadi. Inawezekana ilikuwepo. Lakini kabla ya itikadi kulikuwa na watu wawili waliosimama sehemu mbili, kila mmoja akisema kweli kuhusu alichokisikia.

Kisha ikaja filamu ya Murray Lerner, The Other Side of the Mirror, ya 2007. Humo Dylan anasikika vizuri tu. Mtazamaji wa leo anashangaa: hawa walizomea nini? Anasahau kwamba sauti ile haikuchukuliwa kwenye kiti cha mtu. Yeye ameketi mahali ambapo usiku ule hapakuwa na kiti. Rekodi ni ushahidi, sikatai, ila ni ushahidi wa kilichopita kwenye waya. Kilichopita hewani kimekufa na wenyewe.

Wiki tatu tu baadaye, 15 Agosti 1965, Beatles walipiga mbele ya watu wapatao 55,600 kwenye uwanja wa besiboli wa Shea, New York. Walikuwa na ampli za wati 100 kila moja, na sauti zao za kuimba zikitoka kwenye spika za uwanja, zile zile za kutangazia mchezo. Leo kumbi za harusi za Sinza zina nguvu kuzidi hapo. Hapakuwa na monita za kuwarudishia sauti yao wenyewe, na Ringo Starr amesimulia kwamba alikuwa anatazama miili ya wenzake ili ajue wimbo umefika wapi. Filamu ya onyesho hilo inasifiwa sana, na mimi naipenda kwa picha zake. Sauti yake ni jambo jingine: sehemu kadhaa zilirekodiwa upya studio, London, Januari 1966. Mhakiki anayesifu "nguvu ya upigaji wao wa jukwaani" kutokana na filamu ile anasifu, kwa kiasi fulani, chumba cha London chenye kimya.

Ila kuna kosa jingine la uhakiki linaloniudhi zaidi ya hili la kuisahau ajali. Ni lile la kuiabudu.

Tarehe 24 Januari 1975 Keith Jarrett alipiga piano peke yake katika jumba la opera la Köln, Ujerumani, karibu na saa sita usiku, baada ya opera ya jioni kwisha. Aliyeandaa onyesho alikuwa binti wa miaka 18, Vera Brandes. Piano iliyoagizwa ilikuwa Bösendorfer kubwa. Iliyokutwa jukwaani ilikuwa ndogo, ya mazoezi, haina nguvu kwenye besi, nyembamba juu, na pedali zake hazishiki sawasawa. Jarrett alikuwa mchovu na mgongo unamuuma. Akapiga hata hivyo, akabaki sana katikati ya piano, mkono wa kushoto ukirudiarudia mapigo ili kuziba pengo la besi, na rekodi ya usiku ule, The Köln Concert, ikauzwa kwa mamilioni.

Hadithi hiyo sasa inasimuliwa mpaka kwenye semina za mameneja. Funzo lake huwa hili: kikwazo huzaa ubunifu, pokea piano mbovu, shukuru. Nimeshawahi kuisikia ikitolewa ukumbini na mtoa mada aliyeshika maiki niliyomfungia mimi, na dakika tano kabla alikuwa amegoma kuanza kwa sababu maiki ile haikuwa ya kuvaa sikioni.

Nisikilizapo rekodi ile kwa masikio ya kazi, nasikia watu ambao hadithi imewaacha nje. Nasikia fundi wa kutyuni piano, ambaye saa zake za mwisho kabla ya onyesho zilikwenda kuifanya piano isiyofaa iwe ya kuvumilika. Namsikia Martin Wieland, mhandisi wa sauti, ambaye alikuwa na kila sababu ya kufunga mizigo. Piano yenye sauti nyembamba juu huumiza sikio ukiisogelea vibaya na maiki. Ukisikiliza sehemu ya kwanza utakuta kwamba ule wembamba umebaki, hakuuficha, lakini haukuchomi. Hiyo ni kazi ya mikono, wala hakuna baraka ya piano mbovu hapo. Jarrett ni mkubwa, na ukubwa wake usiku ule ulikuwa pia kuichukulia piano kama ilivyo. Lakini ajali yenyewe haikutunga hata noti moja. Ajali iliwakuta watu wanaoijua kazi yao, na waliposhindana nayo tukapata santuri. Kuna mamia ya usiku ambapo piano ilikuwa mbovu vilevile na tulichopata ni watu kurudishiwa nauli.

Hivyo nina shaka na pande zote mbili: na anayeandika "vyombo vilisumbua" akageuza ukurasa, na anayesema kuharibika ndiko kuzuri. Nitatoa mfano wa nyumbani ili nisionekane nasemea Wazungu tu.

Ilikuwa bendi ya dansi, ukumbi fulani Temeke, Jumamosi, watu wa makamo wengi, bia zimechangamka. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukazimika. Haikuwa mgao, LUKU ya ukumbi ilikwisha. Mwenye ukumbi akaanza kuhangaika na simu anunue uniti, mtandao wa pesa ukawa mzito, na akazunguka meza kwa meza akiwaomba watu wa mtandao mwingine. Kwa fundi, kazi ya kwanza gizani ni kuzima ampli na kushusha sauti zote, kwa sababu umeme ukirudi ghafla mitambo ikiwa wazi, spika hupigwa kofi na zinaweza zisiamke tena. Nikafanya hivyo. Baada ya hapo sikuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kusikiliza.

Bendi haikuacha. Gita la solo na gita la besi yalikufa palepale. Niliona vidole vya mpiga solo vikiendelea kwa mazoea, kwenye mwanga wa simu, bila sauti yoyote. Kinanda kikafa. Vilivyobaki ni drams, tumba, tarumbeta na saksafoni. Mpiga drams, ambaye jioni nzima alikuwa akinilazimisha nishushe kila kitu kingine ili nimpe nafasi, akachukua taulo akalitupa juu ya ngoma yake na kuanza kupiga kwa vidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba anasikia. Mwimbaji akashuka jukwaani, akaingia katikati ya meza, na kwa kuwa sauti yake peke yake haikutosha ukumbi ule, akaigawa: mstari mmoja meza hii, mstari mmoja meza ile. Wazee walioujua wimbo tangu ujana wao wakauchukua. Saksafoni ikawa inajaza pale ambapo kawaida gita hujibu. Wimbo ukageuka mbele ya macho yangu kuwa kitu chenye mifupa, na mifupa yake ilikuwa mizuri.

Umeme ukarudi. Mwenye ukumbi akanipigia kelele kutoka mlangoni, "Fundi, washa, washa!" Sikuwasha. Nilisubiri wimbo uishe. Akaja mpaka mezani, akidhani nimelala. Nikamwonyesha jukwaa kwa kidevu, naye akasimama pale hajui afanye nini na zile namba za LUKU alizoandika kiganjani. Kesho yake mtu aliyekuwepo aliandika mtandaoni kwamba shoo ilikuwa nzuri, ila umeme ulikatika ukaiharibu. Ningependa sana kujua alikaa wapi.

Na sasa swali la haki: je, ndiyo kusema dansi ingekuwa bora bila umeme? Hapana. Mpiga solo yule ni hodari, na usiku ule alinyamazishwa. Bendi ile ilijengwa juu ya umeme, na ukiuondoa inabaki nusu, hata kama nusu yenyewe ina utamu. Tofauti na taarabu ya zamani. Unguja ilipokaa bila umeme miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, anayeelewa sauti alikuwa na somo la bure. Fidla, ganuni, udi, nai, kodiani, dumbaki: hivi ni vyombo vilivyopangwa na watu waliokuwa hawana spika. Udi ni mpole, kwa hiyo fidla hupunguza unapozungumza. Dumbaki hukaa pembeni. Mizani ambayo mimi naitafuta kwenye miksa kwa vidole kumi, wao walishaiweka kwenye mpangilio wa viti. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sauti iliyoingia kwenye sahani ilikuwa sauti iliyozoea kujitegemea, na sahani zile, pamoja na mikwaruzo yake yote, bado zinakuonyesha chumba. Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwanamke huyo, na tangu hapo tumejifunza vizuri kuhakiki alichokiimba. Kuhakiki jinsi kilivyosikika hatujaanza.

Ukifunga kundi la fidla nane kwa maiki nane, kama ninavyoombwa mara nyingi ("kila mmoja asikike, fundi"), unavunja mizani ile. Kila fidla inapanda, udi unazama, mwimbaji anapaza sauti, maiki inaanza kupiga mluzi. Mluzi huo una sababu rahisi: maiki imesikia spika, spika ikarudia, maiki ikasikia tena, zikazunguka mpaka zikapiga yowe. Hadhira hugeuka kuniangalia mimi. Mhakiki huandika kuhusu "vyombo." Hakuna anayeandika kwamba mpangilio uliotungwa kwa kizazi kizima ulivunjwa na amri ya sekunde mbili kutoka kwa mwenye shughuli. Hilo lingekuwa uhakiki.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, haiko kwenye mluzi. Iko kwenye pleibeki. Vijana wengi wanaopanda jukwaani siku hizi huja na flashi yenye wimbo mzima, pamoja na sauti yao iliyokwisha kuimbwa studio, na kazi yao ni kuruka juu yake na kuitikia mwisho wa mistari. Ninawaelewa. Kukodi bendi ni ghali, waandaaji wanalipa kidogo na kwa kuchelewa, na msanii anayepewa dakika kumi bila saundi cheki ana haki ya kujilinda. Kwangu ni kazi nyepesi: naweka flashi, nafungua maiki kidogo, naenda kunywa chai. Hakuna kinachoharibika. Na tatizo ni hilo hasa, kwa sababu palipo na sauti isiyoweza kuharibika hapana mtu aliyeko pale. Hata swali langu linakufa. Ukikaa mbele, ukikaa nyuma, utasikia kitu kilekile kilichotengenezwa mwezi uliopita kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Mhakiki wa onyesho kama hilo kweli hana la kuandika zaidi ya nguo.

Siku hizi msanii akinikabidhi flashi huwa namuuliza kama ana biti tupu, isiyo na sauti. Wengi wanasema hawana, au wanazo na wanaogopa. Mwaka jana kwenye uwanja wa shule, shughuli ya kuchangia madawati, alikuja binti mmoja mwembamba, akanisalimia shikamoo, akanipa flashi. Nikamuuliza. Akafikiri, akasema, "Ipo kaka, lakini sijawahi kuitumia mbele ya watu." Nikamwambia chaguo ni lake. Akachagua tupu.

Ubeti wa pili flashi ikagoma. Ilikuwa ya zamani, mdomo umelegea, vumbi la uwanja limeingia. Biti ikakata kama mtu aliyezibwa mdomo. Watoto wa shule wakapiga kelele ile ya "aaaah" ambayo humuua msanii kuliko risasi. Yeye akageuka kunitazama mara moja tu, kisha akafumba macho na kuendelea kutoka pale pale alipoachwa, kwenye neno lilelile. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilikuwa juu kidogo ya tuni, kisha ikatulia. Mwanafunzi mmoja wa kwaya ya shule, iliyokuwa imetangulia, akaanza kumpigia makofi ya pembeni, wenzake wakafuata, na mimi nikapandisha maiki taratibu mpaka pale ambapo kama ningeongeza unywele ingepiga mluzi. Nikamwachia mwenzangu miksa, nikatembea na ukuta wa uwanja mpaka langoni, nikarudi kabla hajamaliza.

Alikuja kuchukua flashi yake, jasho linamtoka. Nikamwambia imekufa. Hakuuliza kuhusu flashi. Akauliza, "Kaka, nyuma kule walisikia?"

Nikamwambia langoni muuza mishikaki alikuwa anaitikia kiitikio, na alikuwa anakikosea maneno.